Hewa ya Sakafuni

Watu wengi wanaotengeneza magari nyumbani huiogopa petroli wanayoiona: iliyomwagika sakafuni, iliyolowesha tambara, iliyomo ndani ya kidumu. Wakishafuta sakafu na kukaza kifuniko hurudi kazini na mioyo imetulia, wakidhani hatari imeondoka pamoja na unyevu. Hoja ya sura hii ni kwamba moto wa gereji ya nyumbani huwa umekwisha kuandaliwa kabla cheche haijatoka, na kinachouandaa ni mvuke usioonekana ambao umelala chini, kwenye urefu wa vifundo vya miguu. Anayeliamini hilo kweli hubadilisha mpangilio wa kazi yake, yaani nini kitangulie, nini kifuate na wapi kifanyike. Mpangilio huo ndio kinga kubwa kuliko chombo chochote kinachotundikwa ukutani, na hauhitaji mtu awe na fedha nyingi.

Tuianze petroli kwa tabia zake. Hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mji wa Afrika Mashariki uliowahi kuionja. Kwa hiyo katika mchana wa nyuzi 32 wa Dar es Salaam au Mombasa, petroli iliyo wazi kwenye beseni iko mbali mno na usalama, kwani inatoa mvuke kila sekunde bila kupashwa moto na mtu yeyote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, ndiyo maana haupandi juu kama moshi. Hushuka kutoka kwenye beseni, hutambaa sakafuni, huteremka kwenye shimo la ukaguzi na kwenye mtaro, hupita chini ya mlango na kuingia chumba cha pili. Nao huwaka pale tu unapochanganyika na hewa kwa kiasi fulani: ukiwa chini ya asilimia 1.4 ya hewa ni hafifu mno kuwaka, ukizidi asilimia 7.6 hewa yenyewe huwa haitoshi. Kati ya hapo, cheche ndogo inatosha.

Asilimia 1.4 inaonekana ndogo hadi mtu apige hesabu. Lita moja ya petroli ikikauka yote hutoa mvuke wa takriban lita 200. Kikombe cha robo lita, kiasi ambacho fundi humimina kwenye beseni ili aoshe kabureta bila hata kufikiri, hutoa kama lita 50. Mvuke huo ukichanganyika na hewa hadi kufikia kile kiwango cha chini cha kuwaka, unapata zaidi ya mita 3 za ujazo za hewa inayoweza kulipuka. Sasa itandaze hewa hiyo kwenye sakafu ya gereji ya mita 3 kwa 5, yaani banda la kutosha gari moja. Itaifunika sakafu yote kwa kina cha zaidi ya sentimita 20. Kweli, mvuke hautandazwi sawasawa namna hiyo. Sehemu nyingine hutoka nje, nyingine hujikusanya kwenye kona au chini ya gari. Lakini hesabu inatuonyesha ukubwa wa jambo: kikombe kimoja kinaweza kuigeuza sakafu nzima kuwa kitu cha kuwaka, na aliyesimama katikati yake asione lolote, na baada ya dakika chache pua yake ikiizoea harufu asisikie hata harufu.

Hapo ndipo jiko la mkaa linapoingia katika mazungumzo haya. Katika nyumba nyingi za pwani na bara, gari hutengenezwa uani, na uani huohuo ndiko kunakopikwa. Mdomo wa chini wa jiko, ule unaovuta hewa na kutolewa majivu, uko sentimita chache tu kutoka ardhini. Kazi ya mdomo huo ni kuvuta hewa iliyo karibu na ardhi na kuipitisha kwenye makaa. Kama ingetakiwa kubuniwa mashine ya kutafuta mvuke wa petroli na kuuwasha, umbo lake lingekaribia sana jiko letu. Mtu anaweza kuwa ameweka beseni la petroli hatua kumi kutoka jikoni, akaridhika kwamba hatua kumi ni mbali, na bado mvuke ukasafiri hatua hizo kwa mteremko wa sakafu. Ukishawaka, moto hurudi kwa njia ileile uliyojia mvuke hadi kwenye beseni, haraka kuliko mtu anavyoweza kuinuka. Wanaosimulia mioto ya namna hii husema moto uliruka. Kilichotokea ni kwamba njia ilikuwa imekwisha kutandikwa.

Nchi zilizoungua na kujifunza zimeliandika jambo hili katika kanuni zao za ujenzi. Marekani, ambako nyumba nyingi zina gereji iliyoungana nazo na humo huwekwa mtungi wa kuchemshia maji kwa gesi, kanuni za ujenzi hutaka moto au cheche ya chombo hicho iwe angalau inchi 18 juu ya sakafu, kama sentimita 46. Chombo kinainuliwa ili mvuke upite chini yake. Uingereza nako, mamlaka ya afya na usalama kazini imewaonya mafundi kwa miaka mingi wasimwage wala kuhamisha petroli juu ya shimo la ukaguzi au karibu nalo, kwa kuwa shimo hujaa mvuke na mvuke huo hukaa humo muda mrefu baada ya kazi kwisha. Gereji zetu za mitaani zina mashimo kama hayo, mengi yakiwa ya kuchimbwa kwa jembe na kusakafiwa kwa saruji. Anayeingia shimoni na taa ya waya wakati tangi linavuja juu yake ameingia ndani ya kisima cha mvuke.

Ili hoja isibaki angani, tuitazame kazi moja kwa karibu: kubadilisha pampu ya mafuta kwenye gari dogo la Kijapani lenye injini ya kupuliza mafuta. Katika magari mengi ya aina hii pampu imo ndani ya tangi, na hufikiwa kwa kunyanyua kiti cha nyuma na kufungua kifuniko kilicho chini yake. Maana yake ni kwamba tangi linafunguliwa ndani ya kibanda cha gari, sehemu finyu yenye sponji, kitambaa, swichi za milango na taa ya darini. Mafuta kwenye mpira wa pampu hubaki na msukumo hata injini ikiwa imezimwa, na mara nyingi msukumo huo unazidi ule wa hewa ya tairi. Anayelegeza mpira bila maandalizi hurushiwa petroli kifuani na kwenye kiti. Akiwa ameshika taa ya kizamani yenye balbu ya nyuzi, na taa ikamponyoka ikapasuka, uzi ule huwa na joto la zaidi ya nyuzi 2,000 katika nukta ile inayokutana na mvuke. Hakuna ujanja wa mikono utakaomsaidia hapo.

Fundi huyohuyo, kwa spana zilezile, anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mpangilio mwingine. Gari linasukumwa nje ya banda, mbali na jiko na ukuta wa jirani, siku ambayo tangi halijajaa. Injini inawashwa, kisha inachomolewa fyuzi ya pampu, na injini inaachwa imalize mafuta yaliyobaki kwenye mipira hadi izime yenyewe. Msukumo unakuwa umekwisha. Injini inaachwa ipoe. Ndipo unafunguliwa waya wa hasi wa betri, wakati tangi bado limefungwa, ili kama betri itatoa cheche isikute mvuke. Milango yote minne na buti vinafunguliwa. Tochi ya LED inawashwa nje kabla ya kuingizwa ndani. Tambara linazungushwa kwenye mpira kabla haujalegezwa, na pampu ya zamani ikitoka inapelekwa nje moja kwa moja kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, haiwekwi juu ya kiti ikidondoka. Kazi ikiisha, mipira imekazwa na hewa imepita vya kutosha, ndipo betri inarudishwa. Hatua zote hizo hazigharimu zaidi ya muda wa kunywa chai. Tofauti kati ya kazi ya kwanza na ya pili ni utaratibu: kwamba kila kinachoweza kutoa cheche kimemalizwa kabla mafuta hayajafunguliwa, na hakirudi mpaka mvuke umeondoka.

Nimelitaja suala la betri, na lazima lielezwe vizuri kwa sababu linaenda kinyume na sakafu. Betri ya kawaida ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, ambayo hupanda juu na huwaka kuanzia asilimia 4 tu ya hewa. Anayechaji betri kwenye stoo iliyofungwa madirisha anaijaza dari. Anayechomoa klipu za chaja huku umeme ungali unapita anatoa cheche palepale gesi inapotokea, na betri hupasuka na kumwagia asidi usoni. Kwa hiyo chaja huzimwa ukutani kwanza, klipu hutolewa baadaye. Wakati wa kufungua betri, waya wa hasi hutangulia na wakati wa kufunga hufuata mwisho; sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi, na spana inayofungua chanya ikigusa bodi hupitisha mkondo mkubwa mno hadi chuma kiwe chekundu, pamoja na pete iliyo kidoleni. Na gari likiwashwa kwa betri ya gari jingine, klipu ya mwisho haifungwi kwenye betri iliyokufa. Hufungwa kwenye chuma cha injini, mbali nayo.

Hali kadhalika magari ya gesi asilia, ambayo yameongezeka sana Dar es Salaam. Gesi asilia ni nyepesi, hivyo ikivuja hukimbilia juu, na banda lenye dari iliyozibwa huinasa. Gesi ya kupikia iliyo kwenye mitungi ya nyumbani ni nzito, hivyo hushuka na kutambaa kama petroli. Banda moja linaweza kuwa na vyote vitatu. Ndiyo maana matundu ya hewa yanatakiwa juu na chini, na ukuta wenye dirisha moja katikati haujalisaidia kundi lolote kati ya hayo mawili. Mtungi wa gesi asilia wa gari hubeba msukumo wa kama mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, na mfumo wake haufunguliwi nyumbani na mtu asiyefunzwa. Hapo sina nafasi ya kujadiliana.

Kazi nyingine inayoonyesha nguvu ya mvuke ni kuchomelea. Tangi la mafuta lililo tupu linaonekana salama kuliko lililojaa, na hisia hiyo imeua mafundi katika nchi nyingi. Tangi lililojaa lina mafuta mengi na mvuke kidogo usiopata hewa. Lililomwagwa lina utando wa petroli kwenye kuta na kwenye mishono, na nafasi yote iliyobaki ni mchanganyiko wa mvuke na hewa unaosubiri. Kulisuuza kwa maji na sabuni mara moja hakulimalizi, kwa sababu petroli hujificha kwenye mikunjo ya bati na kutoka tena joto linapoingia. Tangi bovu la gari hubadilishwa, au hupelekwa kwa mwenye vifaa na ujuzi wa kulisafisha. Kulichomelea uani ni kosa hata kama limekaa juani wiki nzima.

Cheche za kuchomelea na za grinda nazo husafiri mbali kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za Marekani hutaka vitu vya kuwaka viondolewe ndani ya futi 35, takriban mita 11, kutoka pale panapochomelewa. Aidha hutaka mtu abaki akilinda baada ya kazi: kwa muda mrefu ilikuwa nusu saa, na toleo la mwaka 2019 la mwongozo wa NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, likaongeza hadi saa nzima, kwa kuwa cheche iliyoingia kwenye pamba, takataka au vumbi la mbao inaweza kufuka kimya na kuwaka watu wamekwisha kwenda kula. Kwenye gari tatizo hili lina sura yake. Anayechomelea sakafu iliyoliwa na kutu yuko chini, amevaa barakoa ya giza, anakiona chuma kinachoyeyuka tu. Upande wa juu wa bati lilelile kuna zulia, sponji na lami ya kuzuia kelele. Bati linapokuwa jekundu chini, zulia linaungua juu, na yeye hujua pale moshi unapotoka madirishani. Zulia na viti hutolewa kwanza, na mtu wa pili hukaa upande wa pili wa bati na ndoo ya maji, kazi yake ikiwa kutazama tu.

Watakaopinga wapo, na hoja zao zinastahili majibu. Ya kwanza ni ya uzoefu: mafundi wameosha vipuri kwa petroli na sigara mdomoni kwa miaka 20, na wako hai. Ushahidi huo ni wa kweli, na una maelezo. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Marekani waliozikutanisha sigara zinazowaka na mvuke wa petroli zaidi ya mara 4,000 katika maabara, na hawakupata hata mwako mmoja. Kwa hiyo fundi yule hakosei kusema sigara yake haijawahi kuwasha. Kosa lake ni hitimisho. Kiberiti alichowashia sigara kina mwali ulio wazi, na mwali huo huwasha mvuke bila shida. Isitoshe, mvuke huwaka ndani ya mipaka ile miwili tu, hivyo kuna siku upepo uliupunguza chini ya mpaka, kuna siku ulizidi mpaka, na kuna siku cheche ilitoka hatua moja kando. Miaka 20 ya salama inaonyesha kuwa masharti ya moto hayakukutana. Haionyeshi kuwa fundi ndiye aliyeyazuia yasikutane, na siku yatakapokutana uzoefu wake hautakuwa na la kufanya.

Hoja ya pili inasema: sisi tunafanya kazi nje, chini ya mwembe, upepo unapeperusha kila kitu. Hii ni hoja nzuri, na kwa kweli ni nusu ya ninachokitetea. Hewa wazi ni kinga bora kuliko mtungi wowote wa kuzimia moto, na fundi wa chini ya mwembe yuko salama zaidi kuliko mwenye gereji ya kisasa aliyefunga milango kwa ajili ya mvua. Lakini upepo haufiki kila mahali. Haufiki ndani ya beseni, chini ya gari lililoshushwa karibu na ardhi, ndani ya shimo, wala kwenye nguo zilizolowa. Na kuna wakati hata uwanja mpana haukutosha. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan nchini Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 jingine likapinduka Sange, mashariki mwa Kongo. Tarehe 10 Agosti 2019 likafuata la Msamvu, Morogoro. Kila mahali watu walikusanyika kuchota, kila mahali palikuwa nje kabisa, na kila mahali waliokufa walizidi 100. Taarifa za siku zile za Morogoro zilitaja mtu aliyekuwa akijaribu kuchomoa betri ya lori. Kiasi cha mafuta cha ajali zile hakilingani na cha gereji, na umaskini uliowapeleka watu pale si jambo la kupitiwa juujuu. Ila kanuni ni ileile: mvuke ulikuwa umetanda miguuni mwa watu wote kabla moto haujatokea, na wengi wao walijua fika kwamba petroli huwaka. Hawakujua walikuwa wamesimama ndani yake.

Ya tatu ni gharama. Dawa maalumu za kusafishia vipuri ni ghali, na petroli iko palepale kwenye tangi. Jibu liko kwenye nyuzi joto. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ifikie zaidi ya nyuzi 50, na mafuta ya taa huanzia karibu 38. Kuosha beringi za magurudumu au kisanduku cha gia kwa dizeli kivulini, kisha kumalizia kwa maji ya sabuni ya unga, kunafanya kazi ileile kwa bei isiyotofautiana sana. Mafuta ya taa yanapita petroli kwa usalama, lakini katika mchana wa Pwani nafasi iliyobaki ni nyuzi chache, na beseni la bati jeusi likiachwa juani nafasi hiyo hupotea kabisa. Nayo dizeli isidhaniwe kuwa haina madhara: ikitawanywa kama ukungu na mpira uliopasuka, ikatua kwenye bomba la moshi lililo moto, huwaka bila cheche yoyote, na huhitaji joto dogo kuliko petroli ili kuwaka kwa namna hiyo. Hata hivyo, katika beseni la kuoshea, kuhama kutoka petroli kwenda dizeli ni hatua moja inayoondoa sehemu kubwa ya hatari iliyoelezwa katika sura hii.

Kuna pia wanaosema ajali haina kinga. Yapo yaliyo nje ya uwezo wa mwanadamu, na anayeamini hivyo namheshimu. Ila moto wa mvuke una masharti matatu yanayojulikana, mafuta, hewa na cheche, na mawili kati ya hayo yanapangwa na mkono wa fundi. Katika mitaa yetu, ambako ukuta wa banda ni ukuta wa chumba cha mpangaji na uchochoro haupitishi gari la zimamoto, uamuzi wa fundi unawahusu watu waliolala ng'ambo ya tofali ambao hawakuulizwa. Hao ndio wanaonifanya nisilikubali neno lile hapa.

Mtungi wa kuzimia moto nimeuacha hadi sasa kwa makusudi. Unahitajika, na anayetengeneza gari bila mtungi anafanya vibaya. Lakini auelewe. Ule mdogo wa kilo 1 unaobebwa kwenye magari hutoa poda kwa sekunde 8 hadi 10 hivi, wa kilo 6 hufikia kama 15 au 20. Mtu asiyewahi kuushika hupoteza nusu ya muda huo akitafuta pini. Gereji inahitaji ule mkubwa, wa poda au wa povu, nao utundikwe karibu na mlango wa kutokea, ili anayeukimbilia awe anaelekea nje. Ndoo ya mchanga mkavu husaidia kwa mafuta kidogo yaliyomwagika. Maji hayafai kwa petroli inayowaka: petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kusambaa nayo ikiwaka. Moto ukiwa chini ya boneti, boneti haifunguliwi yote, maana hewa itaingia kwa wingi. Hulegezwa kidogo na poda ikapulizwa kwenye upenyo. Mtungi ukiisha na moto bado upo, kazi ya mwenye gari imekwisha. Atoke, awatoe watu, alipigie simu Jeshi la Zimamoto, ambalo kwa Tanzania ni namba 114, na asirudi kuokoa spana.

Nguo nazo zifikiriwe asubuhi, kabla ya kazi. Ovaroli ya pamba huungua, ila haiyeyuki. Jezi ya mpira na suruali ya nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Nguo iliyolowa petroli huvuliwa papo hapo, mbali na jiko, kwani aliyelowa amebeba beseni mwilini. Na moto ukimpata mtu, azuiwe asikimbie, alazwe na kuviringishwa au afunikwe kwa blanketi zito. Ukishazimwa, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, pete na saa zikivuliwa kabla vidole havijavimba, na nguo iliyogandana na ngozi iachwe kwa ajili ya daktari. Dawa ya meno, asali, yai na mafuta ya kupikia visipakwe: mafuta hufungia joto ndani, vingine hukichafua kidonda, na vyote humlazimu daktari kukikwangua tena. Aliyeungua usoni au aliyevuta moshi apelekwe hospitali hata kama anatembea na kuzungumza vizuri, kwa kuwa koo lililounguzwa huendelea kuvimba kwa saa kadhaa baada ya moto kuzimwa.